Pozitifu kwa kipimo gani? Kusoma karatasi ya kipimo cha mlango wa kizazi

Mama mmoja anayeuza makala karibu na soko la Virunga (makala ya kuchoma, siyo haya ya kusoma) alinifuata wiki kadhaa zilizopita na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Alikuwa ameificha kwa siku 11, hata mumewe hakujua. Juu yake kulikuwa na muhuri wa kituo cha afya ambacho sitakitaja, na chini ya muhuri mistari mitatu ya Kifaransa kwa kalamu: HPV à haut risque: positif. IVA: négative. Contrôle: 24 mois. (Yaani: HPV ya hatari kubwa, pozitifu; IVA, negatifu; kupimwa tena, miezi 24.) Aliyempa karatasi alikuwa na foleni ya wamama mlangoni. Alimwambia "mama, utarudi", akaita jina lingine.

Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo miezi 24, inahesabiwa kuanzia leo ama kuanzia siku ile walinipima?"

Ilinichukua muda kuelewa anachouliza. Alikuwa amesoma "positif" akaelewa SIDA, yaani UKIMWI. Na ile miezi 24 alidhani ndiyo maisha yaliyombakia.

Hakuwa mjinga hata kidogo. Hapa Goma neno "pozitifu" limebeba maana moja tangu tukiwa watoto: wakisema fulani ni pozitifu, wanashusha sauti. Juu ya hilo kuna balaa la herufi. Virusi vya SIDA kwa Kifaransa huitwa VIH. Virusi vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi ni HPV, lakini karatasi nyingine huandika VPH, kwa mpango wa maneno ya Kifaransa. VIH, VPH: zinatofautiana kwa herufi moja ya katikati, na mwandiko wa haraka unaifuta hata hiyo. Ni virusi viwili visivyo na undugu. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine, na kipimo cha kimoja hakisemi lolote juu ya kingine.

Kwa hiyo ukikutana na neno pozitifu, au hata negatifu, uliza kwanza: kwa kipimo gani? Vipimo vya mlango wa kizazi vinavyotumika sana ni vitatu, HPV, IVA na froti, na vina maswali mawili: je, virusi vipo? Je, seli zimeharibika? Mama wa makala alikuwa na "ndiyo" kwa swali la kwanza na "hapana" kwa la pili, na hizo mbili hazipingani.

Avoka na mpaka

Chukua avoka, ligeuze kichwa chini ili upande mwembamba utazame chini. Kizazi kinakaribiana na hilo kwa umbo. Upande mwembamba ndio shingo, na ncha yake inayochungulia ndani ya uke ndiyo mlango. Damu ya mwezi hutokea hapo, na mtoto hupita hapo.

Ngozi ya nje ya mlango ni ya matabaka, imara, kama ya ndani ya shavu. Ile iliyo ndani ya tundu ni laini na nyekundu zaidi. Zinapokutana pana mpaka, kama pale Kituku maji ya ziwa yanapokutana na mawe ya volkano. Mpaka huo hautulii. Seli zake hubadilika miaka yote ya uzazi, na katika kubadilika huko virusi hupata upenyo. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi huanzia hapo, na kila kipimo nitakachokitaja kinalenga hapo. Mama akikoma kupata hedhi, mpaka hupanda juu ndani ya tundu, macho hayaufikii tena. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Na HPV yenyewe? Ni ukoo mkubwa wa virusi, zaidi ya aina 200. Aina nyingine huleta chunjua za mikononi tu. Kama 14 zinaitwa za hatari kubwa, ndiyo maana ya "à haut risque" kwenye karatasi, na mbili kati yake, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kansa karibu 70 katika kila 100. Alizigundua Mjerumani Harald zur Hausen mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Huambukizwa kwa kugusana katika tendo la ndoa, na zimeenea kiasi kwamba wengi wa waliowahi kulala na mtu, wake kwa waume, huzipata wakati fulani bila kujua. Kisha mwili huzifukuza wenyewe. Katika watu kumi, tisa hivi huwa wamezimaliza ndani ya miaka miwili, bila dawa, bila hata kuwashwa.

Anayebaki na shida ni yule wa kumi, ambaye virusi vyake vimegoma kuondoka.

Rangi za mlima

Jambo linalofuata, mtu wa Goma ataliona upesi kuliko mtu wa Paris, maana sisi tunalala chini ya Nyiragongo. Wachunguzi wa volkano hutangaza hali ya mlima kwa rangi: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Ni mara ngapi tumeishi chini ya njano? Njano haikuambii ukimbie. Inakuambia mlima una uhai, na kuna mtu anayeutazama. Watu wanakwenda sokoni, chukudu zinateremka na mizigo, watoto wanakwenda shule.

Kipimo cha HPV kinauliza kama kuna moshi. Kikisema negatifu, uko kwenye kijani, na ni kijani cha kutegemewa kwa miaka kadhaa. Kikisema pozitifu, moshi upo, lakini hakijasema lolote kuhusu ardhi. Ndipo linakuja swali la pili: je, kuna ufa? Hilo huulizwa na IVA (kupaka siki na kutazama kwa macho) au froti (kukwangua seli na kuzitazama kwa darubini). Moshi upo, ufa haupo: hiyo ni njano, na ndiyo rangi ya mama wa makala. Ufa ukionekana kweli, yaani seli zimebadilika vibaya lakini bado ziko mahali pake, hapo ni machungwa. Waganga huiita hali ya kabla ya kansa. Nyekundu ni kansa yenyewe, seli zikiwa zimevunja ukuta na kuingia ndani.

Kutoka moshi hadi nyekundu kwa kawaida ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa mama mwenye VIH asiyepata dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, kwa kuwa kinga ya kufukuza virusi imechoka. Uhusiano wa VIH na VPH unaishia hapo: kimoja hukifungulia kingine njia.

Halafu mfano wangu unakatika, na unakatikia pazuri. Nyiragongo hakuna anayeizima. Tunaitazama tu, na siku ikitaka tunabeba godoro kichwani kuelekea Sake. Ila machungwa ya mlango wa kizazi inaweza kurudishwa kijani kwa matibabu ya dakika chache, mama akarudi nyumbani kwa miguu yake siku hiyohiyo. Kupima mapema kuna maana kwa sababu hiyo. Kunatafuta ufa ambao bado unazibika, kwa mwanamke asiyeumwa popote. Anayesubiri kuumwa mara nyingi anakuja akiwa kwenye nyekundu. Mwaka 2022 kansa hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na karibu wote, 94 katika kila 100, walikuwa wa nchi maskini na za kipato cha kati. Virusi vyetu si vikali kuliko vya Ulaya. Kule kuna mtu aliyetazama mapema.

Siki, ungo na mashine

IVA ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi. Mganga anaweka spekulamu, kile chombo cha kufungua uke ili mlango uonekane, anapaka asidi ileile iliyo katika siki, ya asilimia 3 hadi 5, anangoja dakika moja, anatazama kwa taa. Seli zilizobadilika zina protini nyingi, na siki huzigandisha kwa muda zikawa nyeupe, karibu kama maziwa ya Masisi yanavyofanya ukiyatilia ndimu. Doa jeupe lenye kingo wazi, lililoshikamana na ule mpaka, ndilo IVA pozitifu. Siki inawasha kidogo. Haiunguzi, haichomi kizazi, na weupe wenyewe hupotea muda si mrefu.

Uzuri wa IVA ni kwamba mama anaondoka na jibu, umeme uwepo usiwepo. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kiko kwenye jicho la anayetazama. Maambukizi ya kawaida na makovu ya kuzaa pia huweza kugeuka meupe, kwa hiyo wapo wamama wengi wenye IVA pozitifu wasio hata na machungwa, sembuse kansa. Na kwa mama aliyekoma hedhi, mpaka umeshapanda ndani, kwa hiyo IVA inatazama mlango wakati mambo yako ukumbini. Kwake IVA negatifu haina uzito.

Froti ni ya zamani kuliko zote. Papanicolaou, Mgriki aliyefanyia kazi New York, ndiye aliyeiandikia kitabu pamoja na mwenzake mwaka 1943, miaka 40 kabla ya kujulikana kuwa chanzo ni virusi. Wanakwangua seli kidogo kwa brashi, wanazipaka kwenye kioo, na mtu wa maabara anazipitia kwa darubini, kama unavyochagua maharagwe kwenye ungo ukitafuta yaliyotobolewa. Ni maelfu ya seli. Aliyechoka anaweza kupitwa na moja mbovu, na brashi nayo inaweza kutoichukua. Ndiyo sababu froti hurudiwa kila baada ya muda.

Karatasi ya froti ndiyo inayotisha watu zaidi, kwa ajili ya maneno yake. "Inflammatoire" ni uvimbe au muwasho, mara nyingi wa maambukizi madogo. Siyo kansa, wala siyo dalili yake. "Non satisfaisant" maana yake seli hazikutosha au damu imezifunika, kwa hiyo mashaka ni juu ya kioo, wewe hujaambiwa lolote bado, rudia. ASC-US ni herufi za mtu mkweli: ameona seli zisizo za kawaida kidogo, hajui ni za nini. Wengi wenye ASC-US hawana kitu, ila inafaa kupima HPV au kurudia froti. LSIL, ambayo wengine huandika "bas grade", ni mabadiliko madogo, na kwa sehemu kubwa hujifuta yenyewe. HSIL, "haut grade", ndiyo isiyovumilia kuahirishwa. Hata hiyo siyo kansa, lakini ni machungwa iliyokolea, na inataka kutazamwa kwa kolposkopi, yaani kioo cha kukuza, pengine na biopsi.

Biopsi ni kanyama kadogo, punje ya mchele hivi, kanakokatwa ili kuona ufa umeshuka kina gani. Majibu yake huandikwa CIN 1, CIN 2, CIN 3. Hesabu hiyo inapima unene wa ngozi ulioharibika, kutoka theluthi ya chini hadi ngozi nzima. Haina uhusiano na hatua za kansa. Nimekutana na mtu aliyesoma CIN 3 akaenda kuaga ndugu, akidhani ni kansa ya hatua ya tatu. CIN 3 bado iko upande huu wa ukuta. Inatibika, mradi isiachwe.

Kipimo cha HPV ndicho kipya, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka kiwe cha kwanza popote kinapopatikana. Mashine inatafuta alama za virusi, haichoki wala haihitaji jicho. Kuna jambo ambalo wamama wengi hawajaambiwa: sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba au brashi laini, bila spekulamu na bila mtu kukutazama. Mwanamke kwa kawaida huanza akiwa na miaka 30, na akiwa negatifu anarudia baada ya miaka 5 hadi 10. Mwenye VIH huanza akiwa na 25 na kurudia baada ya miaka 3 hadi 5. Penye IVA au froti peke yake, ni kila miaka 3.

"Nani ameleta?"

Swali hili halimo kwenye karatasi, lakini ndilo lililomfanya mama wa makala aifiche. Ana miaka 41, ameolewa zaidi ya miaka 20. Akimwonyesha mume neno pozitifu, nyumba itawaka moto upande wowote: ama yeye ameshikwa, ama mume ameshikwa.

Kipimo hakijui. Virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka mingi, chini ya kiasi ambacho mashine inaweza kukiona, kisha vikajitokeza tena. Vilivyoonekana leo vinaweza kuwa vya mwezi uliopita au vya kabla ya mahari kujadiliwa. Hakuna daktari anayeweza kuvisomea tarehe ya kuingia au jina la aliyevileta, na anayedai anaweza anakudanganya. Wanaume nao hubeba, kwa kawaida bila dalili, na hakuna kipimo cha kawaida cha kuwapima, kwa hiyo mzigo wa neno pozitifu hubaki kichwani kwa mwanamke peke yake. Hilo linaniudhi, nalisema wazi. Kondomu inapunguza hatari, ila haiimalizi, kwa kuwa virusi hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa.

Halafu kuna dawa za mtaani. Kujiosha ndani kwa ndimu, chumvi au sabuni ya unga hakutoi virusi. Kunachubua ngozi na kuua vijidudu vyema vinavyolinda uke. Mama anayetokwa damu ovyo anaambiwa ni karuho, amelishwa sumu, anatapishwa majani miezi mitatu, na hiyo miezi mitatu ufa haukumsubiri. Kuombewa siwezi kumkataza mtu. Namwomba tu aombewe akiwa njiani kwenda kupimwa.

Na uvumi mkubwa kuliko wote: "ukienda, wanatoa kizazi." Machungwa haitibiwi kwa kutoa kizazi. Mara nyingi wanagusisha kichwa cha chuma chenye joto la nyuzi 100 hivi kwenye eneo lililoharibika, chini ya dakika moja, au wanaligandisha kwa baridi kali ya gesi. Mlango wenyewe una hisia chache za moto, kwa hiyo wengi husikia maumivu kama ya hedhi. Doa likiwa kubwa au limeingia ndani ya tundu, wanakata kipande chembamba kwa waya wenye umeme. Baadaye maji hutoka wiki chache, tendo la ndoa linasimama kama wiki nne, na mama anarudi kupimwa baada ya miezi 12. Mimba bado hushika. Aliyekatwa kwa waya amwambie mkunga atakapokuwa mjamzito, kwa sababu hatari ya kuzaa kabla ya siku hupanda kidogo.

Kuhusu chanjo ya HPV kwa kifupi: Rwanda, ng'ambo ya mpaka wetu wa petite barrière, iliianza kwa wasichana nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Inazuia virusi kuingia, haivitoi vilivyo ndani, na aliyechanjwa bado hupimwa akifika umri.

Negatifu nayo ina mpaka wake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitumwagikia bila onyo, na aliyekuwa akitegemea rangi peke yake alikimbia na alichovaa. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, au maji yenye harufu mbaya yasiyokwisha, usitoe karatasi ya mwaka juzi kuonyesha ulikuwa negatifu. Hapo hatupimi mapema tena. Hapo unatafuta ugonjwa, na unakwenda wiki hiyohiyo.

Mama wa makala hakuwa na lolote kati ya hayo. Nilimsomea mistari yake mitatu tena, moja moja. Virusi vipo. Ufa haupo. Apimwe tena baada ya miezi 24, kwa sababu ndiyo muda ambao mwili wake una nafasi nzuri ya kuvimaliza wenyewe, na kama havikuisha, mabadiliko yatakutwa yangali madogo. Angekuwa na VIH, wangeandika 12.

Alinyamaza. Akapangusa vidole vyeusi kwenye kitenge, akachukua karatasi, akaikunja upya kwa mikunjo ileile. Kisha akauliza swali lake tena, neno kwa neno: "Hiyo miezi 24, inahesabiwa kuanzia leo ama kuanzia siku ile walinipima?"

Siku ile walikupima, mama, nikamwambia. Akaniomba kalamu.